Kipara katutoka (Septemba 2022)

Anko: Asalaam alaykum wanafamilia. Jamani Earnie Shavers kafariki jana. Juzi tarehe 31 ndo katimiza miaka 78, kesho yake tu akaondoka. Tokea asubuhi sina raha kabisa

Mama Mdogo: Wa alaykum salaam, pole kaka. Ndo nani huyo, wa kazini kwenu?

Anko: Hapana dada, bondia wa Marekani, uzito wa juu. Yule marehemu mzee akimwita Kipara

Mama Mdogo: Aaah Kipara!! Si yule wa kaseti ya pambano la Muhammad Ali jamani

Anko: Huyohuyo. Septemba 1977, Madison Square Garden, raundi 15. Raundi ya pili akamshushia Ali konde la kulia, Ali akalegea kabisa ila mjanja yule, akaanza kufanya mbwembwe kama anaigiza kuumia, Shavers akadhani anategwa akasita, na kusita kule ndo kumemkosesha ubingwa, kapoteza kwa pointi. Mzee akifika hapo anasimamisha kaseti, anaweka kidole kwenye kioo, tazameni magoti hayo

Mpwa: Shkamoo anko. Nimeangalia rekodi yake hapa, kashinda mapambano 74, 68 kwa nokauti. 68!! Na hajawahi kuwa bingwa wa dunia??

Anko: Marahaba. Hajawahi mwanangu. Na ngumi kaanza na miaka 22, mkubwa tayari. Nafasi ya pili ya ubingwa kaipata kwa bingwa Larry Holmes, Las Vegas 1979, hiyo ndo inaniuma zaidi. Raundi ya 7 konde la kulia, Holmes chini kama gunia la mkaa, kibandani Ngamiani watu tulisimama juu ya mabenchi tunapiga kelele, tunaona huyu haamki, akaamka! Raundi ya 11 refa akasimamisha, Shavers hoi pumzi hana

Mpwa: duh

Anko: Na mwaka huohuo mwezi wa 3 kamlaza Ken Norton raundi ya kwanza, hata dakika mbili hazijafika. Norton aliyemvunja Ali taya!

Mama Mdogo: Baadae si alipata shida ya jicho yule

Anko: Ndio, jicho ndo lilimharibia. Akaja kuwa mhubiri, akahamia Uingereza, kule Liverpool akafanya ubaunsa mlangoni. Mtu aliyemtingisha Ali vile jamani. Baada ya lile pambano daktari wa Ali mwenyewe, Ferdie Pacheco, aliondoka kambini maana aliona Ali anaumia na hataki kuacha ngumi

Mpwa: Na yale maneno ya Ali kuhusu ndugu zake anko?

Anko: Ehee, alisema Shavers kampiga mpaka ndugu zake huku Afrika wakatikisika. Mzee akilisikia hilo anajipiga kifuani, ni sisi hao, tulitikisika kweli

Mama Mdogo: Mmenitoa machozi. Kaka kaseti ninayo, iko kwenye sanduku la mama chini ya kanga zake. Ina ule mwandiko wake wa kalamu nyekundu ALI NA KIPARA, MSIFUTE

Anko: Allahu akbar. Usimpe mtu dada. Kesho nakuja kuifuata, na deki ya video nitatafuta popote ilipo

Mpwa: Anko nipitie twende wote