Natokea Dar kwenda Funafuti, Tuvalu: nijipangeje?

Mpigapicha_Temeke
Wakuu, nataka kupiga picha za maisha ya kila siku kisiwani Funafuti, makao makuu ya Tuvalu, nchi ya visiwa vidogo Bahari ya Pasifiki. Naombeni mwongozo wa njia, fedha na vitu vya kuona.

Nanga
Mkuu, fika kwanza Fiji. Ndege ya Funafuti kwa kawaida hutokea Suva na hairuki kila siku, hivyo acha siku kadhaa za akiba kwenda na kurudi. Ikiahirishwa, tiketi zinazofuata zote zinaungua. Ukipitia Sydney, omba viza ya kupita ungali Dar. Fedha ni dola ya Australia. Beba taslimu, maana mashine za kutolea pesa zimeanza 2025 tu. Beba na adapta, plagi zetu haziingii kule.

Mkadi
Usikose mashimo ya pulaka. Ardhi ni matumbawe matupu, haishiki maji, kwa hiyo wazee walichimba mpaka kwenye maji baridi ya mvua yanayoelea juu ya ya chumvi. Humo hupandwa pulaka, jamii ya magimbi makubwa, kila shina likizungushiwa majani yaoze yawe mbolea. Chumvi ikipanda, majani hugeuka manjano na kiazi huoza shimoni. Ukuta wa ufukweni hausaidii, kwani bahari hupenya kutokea chini. Nenda Februari au Machi, kwenye bamvua kubwa, yaani maji yanapojaa kupita kawaida, uone maji yakibubujika ardhini katikati ya makazi. Hiyo ndiyo picha inayoeleza Tuvalu kuliko machweo yoyote.

Jioni kaa uwanja wa ndege. Wamarekani waliujenga 1943 wakati wa vita, na ndiyo sehemu kubwa ya wazi waliyonayo. King'ora kikilia, watu hupisha ndege. Ikishaondoka, mpira na voliboli vinaendelea.

Mgema wa Mkuranga
Naongezea tembo la mnazi, wao huita kaleve. Karara, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, hufungwa kamba lisichanue, kisha ncha hukatwa kipande chembamba asubuhi na jioni. Likinywewa mapema ni tamu, likilala huchacha. Wakilichemsha muda mrefu linakuwa zito kama asali.

Maji ya kunywa ni ya mvua, kutoka bati hadi tangi. Ukame wa 2011 ulifikisha nchi kwenye hali ya hatari, kwa hiyo oga kwa kopo na ndoo. Jumapili ni ya kanisa: vaa nguo ya kufunika mapaja, na omba ruhusa kabla ya kuinua kamera.

Mpigapicha_Temeke
Asanteni sana. Na visiwa vidogo ng'ambo?

Nanga
Kuna hifadhi ya bahari ya Funafuti, iliyoanzishwa 1996, ina visiwa sita upande wa magharibi. Ulizia boti ofisi ya Kaupule, baraza la kisiwa. Ondoka asubuhi kabla upepo haujachafua maji, funga kamera kwenye mfuko usiopitisha maji, na beba maji yako ya kunywa ya siku nzima, kule hakuna duka.