Mjadala: Mkurugenzi wa halmashauri awe wa madiwani au abaki wa mkeka?

Mleta mada

Wadau, naomba tujadili jambo moja tu, tusitawanyike. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mtendaji mkuu wa halmashauri, yaani mkurugenzi, anateuliwa na Rais. Diwani kaombewa kura mlango kwa mlango, mkurugenzi kaja na mkeka, ile orodha ya uteuzi inayotoka Ikulu. Baraza la madiwani linaweza kumfukuza kazi mtendaji wa kijiji, linaweza hata kumtia adabu mkuu wa idara, lakini mkurugenzi likimkataa, kubwa linaloliweza ni kupiga kelele na kuandika barua.

Mkeka ukitoka usiku, asubuhi mtu anakabidhi ofisi. Bajeti aliyoitetea yeye Februari inakuja kutekelezwa na mwenzake ambaye bado anauliza kata ziko ngapi.

Tumewahi kuzifuta kabisa halmashauri mwaka 1972, tukaona huduma zinavyozorota, tukazirudisha: za miji 1978, za wilaya 1984. Tulirudisha jengo, ufunguo tukabaki nao. Pendekezo langu: nafasi itangazwe, Sekretarieti ya Ajira ichuje, baraza lisaili watatu wa mwisho na kumpa mmoja mkataba wa miaka mitano wenye malengo yanayopimika. Akivurunda, baraza hilo hilo limtoe. Nani anapinga na kwa nini?

Kabrasha

Napinga, na si kwa ubaya. Umeezeka kabla ya msingi.

Baraza la kawaida linakaa kila robo mwaka. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango inakaa kila mwezi, na humo wamo mwenyekiti wa halmashauri na wenyeviti wa kamati nyingine. Yaani kuna vikao 12 kwa mwaka ambavyo mkurugenzi analetwa mbele ya waliopigiwa kura na watu akiwa na karatasi ya mapato na matumizi. Wangapi wanaisoma?

Karatasi yenyewe haina uchawi. Ina makisio ya mwaka, makusanyo hadi tarehe, na asilimia. Mwaka wa fedha unaanza Julai, kwa hiyo mwisho wa Septemba chanzo cha kila siku kinatakiwa kiwe kimegusa 25. Ushuru wa korosho ukisoma 2 wakati huo, usishtuke, minada inafunguliwa Oktoba. Lakini ushuru wa stendi, mabasi yaleyale, vibanda vilevile, ukisoma 12, hapo kuna mtu. Diwani anayejua tofauti ya vyanzo hivyo viwili anamtoa mkurugenzi jasho kuliko barua yoyote ya kumkataa.

Tatizo ni kwamba kabrasha, yaani furushi la nyaraka za kikao, linagawiwa jioni ya kuamkia kikao, kurasa mia mbili na zaidi, halafu asubuhi saa nne mnaambiwa "tupitie kwa haraka, waheshimiwa". Dawa yake iko ndani ya kanuni za kudumu za halmashauri: makabrasha yafike mapema, yasipofika mwenyekiti aahirishe kikao. Mara moja tu. Robo inayofuata yatafika kabla ya wakati.

Stakabadhi

Naingia upande wa fedha, maana ndiko mkurugenzi na diwani wanakoshikana mashati.

Ushuru unakusanywa hivi. Mtendaji wa kata, wa kijiji au wakala anakabidhiwa mashine ya POS, anasaini. Mnadani anakata risiti ya ng'ombe, muamala unaingia kwenye mfumo wa mapato wa halmashauri, zamani LGRCIS, siku hizi TAUSI. Jioni lile jumla linasoma kama deni kwa jina lake. Anaomba kumbukumbu namba, analipa benki au kwa wakala wa simu, deni linafutika. Ni mfumo mzuri.

Unaharibikia pawili. Kwanza mashine kufanya kazi nje ya mtandao: miamala inalala ndani ya mashine, na siku mashine "imeibiwa" au "imeingia maji" inazama nayo. Pili, na hili ndilo kubwa, fedha mbichi, yaani kutumia makusanyo kabla hayajafika benki. Gari la halmashauri halina mafuta, kesho kuna ziara ya kiongozi, mtendaji anapigiwa simu: "Toa laki mbili kwenye hizo ulizonazo, tutakurudishia." Hairudi. Baada ya miezi mitatu jina lake limo kwenye orodha ya wadaiwa wa POS, CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) anaandika fedha zimekusanywa hazikupelekwa benki, na ile simu haina risiti. Memoranda ya Fedha, yaani mwongozo wa fedha wa serikali za mitaa, iko wazi kwamba kinachokusanywa kiende benki kwanza, matumizi yafuate baadaye.

Sasa mleta mada, mkurugenzi akishakuwa wa madiwani, unadhani ile simu itakoma? Itapigwa na mwenyekiti. Ninachotaka ni orodha ya wadaiwa wa POS, jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, isomwe kila kikao cha Kamati ya Fedha. Aliyetumwa atoe fedha atasema mwenyewe nani alimtuma, hataki kufa na tai shingoni.

Boma la lenta

Mnagombania usukani wa gari lisilo na injini. Kwanza hesabu.

Chukua halmashauri ya mfano ya mapato ya ndani bilioni 2. Toa yanayolindwa, kama uchangiaji wa huduma za afya, tuseme milioni 500. Imebaki bilioni 1.5. Halmashauri za kundi lake zinatakiwa kupeleka asilimia 40 kwenye maendeleo, hiyo ni milioni 600. Humo humo inatoka asilimia 10 ya mikopo (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2), milioni 150. Imebaki milioni 450. Kata 25. Kila kata milioni 18, na hapo tumefanya kama vile makusanyo yamefika asilimia 100 na hakuna deni la mzabuni. Madarasa ya fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 yalijengwa kwa milioni 20 kila moja. Kwa hiyo diwani baada ya mwaka mzima wa vikao hana hata chumba kimoja cha darasa kamili. Wananchi wamejichangisha wamenyanyua boma hadi lenta, wanamsubiri yeye na bati. Mvua tatu zinapita, tofali linaanza kumeguka.

Pili, angalia kilichoondoka. Kodi ya majengo ilihamia TRA 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Barabara zilikwenda kwa wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, 2017. Maji vijijini yalikwenda kwa wakala wake, RUWASA, 2019. Ushuru wa mazao ulishushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Siisemi TARURA vibaya, barabara nyingi zinapitika kuliko zamani. Nasema tu kwamba mwananchi akikwama kwenye tope anamshika diwani shati, na meneja wa TARURA hata kuhudhuria baraza anaona kama anatoa msaada.

Wa ng'ambo ya Namanga

Habari zenu majirani. Sisi huku Kenya tulifanya zaidi ya hayo mnayoomba. Tangu 2013 tuna kaunti 47, gavana anapigiwa kura, na Ibara ya 203 inazihakikishia kaunti si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wawakilishi wadi wanaweza kumtimua gavana: theluthi moja waunge hoja, theluthi mbili waipitishe, kisha Seneti iamue. Waititu wa Kiambu alitimuliwa na Seneti Januari 2020, Sonko wa Nairobi Disemba mwaka huo huo, Mwangaza wa Meru Agosti 2024.

Faida ipo, gavana anajua kuna macho. Hasara nayo ipo. Hoja ya kumtimua imekuwa bei ya kuanzia mazungumzo. Wawakilishi wakitaka hazina ya wadi iongezwe au safari ya nje ipitishwe, bajeti inakaa mezani na minong'ono ya kumng'oa mtu inaanza. Wanakandarasi nao wanasubiri malipo miaka. Msidhani mkimpa diwani rungu atampiga mwizi tu.

Mleta mada

Asante jirani, ila gavana ni mwanasiasa mwenye kura zake, mimi nazungumzia mtaalamu wa mkataba. Hivyo ni vitu viwili.

Kabrasha na Stakabadhi, mnanipa dawa zinazohitaji mwenyekiti jasiri. Anatoka wapi? Anajua mkuu wa wilaya anaweza kumsweka ndani saa 48 kwa sheria ya 1997. Na chukua jambo la "maelekezo". Disemba linatoka tamko kwamba wanafunzi wa kidato cha kwanza wasikose madarasa. Jambo jema. Mkurugenzi anahamisha fedha za soko lililopitishwa na baraza, anajenga, baraza linaletewa Februari kubariki kilichokwisha. Kuhamisha fungu bila idhini ni kosa, analijua, lakini anajua pia nani anaweza kumtengua na nani hawezi. Hapo ndipo mteuaji anapohusika.

Posho

Niongeze moja linalosahauliwa. Julai 2021 Serikali Kuu ilianza kulipa posho ya mwezi ya madiwani kwenye halmashauri nyingi, moja kwa moja kwenye akaunti, ili wasimpigie mkurugenzi magoti. Ilisaidia. Lakini posho ya kikao, nauli na ile ziara ya mafunzo bado ziko mezani kwake. Ziara ya mafunzo ndiyo hatari. Baraza likiwa na hasira mwezi Aprili, Mei linapelekwa mkoa wa mbali kujifunza usimamizi wa dampo, Juni limepoa.

Na kwenye usaili wako wa mkurugenzi, sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, basi. Sidharau, wapo wa darasa la saba wanaosoma bajeti kuliko wenye shahada. Ila wasaili watahitaji mtu wa kuwaandalia maswali, na atakayeyaandaa ndiye atakayemchagua mkurugenzi.

Boma la lenta

Hilo la asilimia 10 nalo limetufundisha. Mikopo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikijaribiwa kupitia benki. Vile vikundi vilipitishwa kwenye kata, na Kamati ya Maendeleo ya Kata mwenyekiti wake ni diwani. Mleta mada, hapo mkeka haukuhusika.

Mleta mada

Umenipata hapo. Lakini aliyesaini hundi bila afisa maendeleo ya jamii kwenda kuuona mradi ni mkurugenzi.

Kabrasha

Mnabishana nani anamteua, hamjauliza nani anaandika. Mkurugenzi ndiye katibu wa baraza. Muhtasari unaandikwa ofisini kwake. Waheshimiwa wanagonga meza, wanasema kwa sauti "tunaazimia mzabuni wa ushuru asimamishwe kuanzia leo". Baada ya miezi mitatu, kwenye yatokanayo, mnasoma: "Baraza lilishauri ofisi iangalie utendaji wa mzabuni." Safu ya utekelezaji imeandikwa "unaendelea". Mhuri upo, na kikao kinathibitisha muhtasari kwa sababu ajenda ya kuthibitisha inaitwa mapema asubuhi kabla wengine hawajafika.

Hoja za CAG vilevile. Kwenye baraza maalum la kuzijadili, mkuu wa mkoa yupo, mkaguzi yupo, kila hoja inasomwa na majibu yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo vielelezo vinatafutwa kama mtoto aliyepotea. Hoja "inafungwa" kwa kuwa hati imepatikana, hata kama hati imesainiwa wiki hiyo. Swali la kuuliza ni moja: hati hii ina tarehe gani, na ilikuwa wapi mkaguzi alipoiomba?

Stakabadhi

Hapo nakuunga mkono. Kila azimio liandikwe palepale, lisomwe kwa sauti kabla ya kuhamia ajenda nyingine, likiwa na neno lake lenyewe, jina la mtekelezaji na tarehe. Mwenyekiti asaini karatasi ile siku ile, nakala abaki nayo yeye.

Mleta mada

Na mkurugenzi akikataa kuliandika?

Kabrasha

Basi Kamati ya Fedha ya mwezi unaofuata isianze na dua wala mapato, ianze na karatasi hiyo. Mwenyekiti anayo nakala.