Kituo cha jua kilifungwa siku 11 bila maelezo. Wananchi walikosea kushuku?

Wadau, mada hii imetoka bustani ya Jeevanjee, Nairobi, kwenye mijadala ya hadhara iitwayo Bunge la Mwananchi. Kule kila mtu alikuwa anamkata mwenzake kauli, kwa hivyo tuijadili hapa.

Kwa asiyekijua kisa: Sunspot ni kijiji kidogo mlimani, jimbo la New Mexico, Marekani, kilichojengwa kuzunguka darubini za kuchunguza jua. Tarehe 6 Septemba 2018 wafanyakazi na wakazi waliondolewa, hata posta ikafungwa. AURA, muungano wa vyuo vikuu unaosimamia kituo, ulisema kuna “suala la usalama” kisha kimya. FBI walionekana wakiingia na kutoka. Sherifu wa kaunti ya Otero aliwaambia wanahabari kwamba hata yeye hakuna anachoambiwa, ila ameona helikopta ya kijeshi aina ya Black Hawk.

Basi mtandao ukawaka. Wengine wakasema jua linakaribia kulipuka tunafichwa. Wengine wakasema ni viumbe wa sayari nyingine, maana Roswell, panapodaiwa chombo cha viumbe hao kilianguka mwaka 1947, iko jimbo hilohilo. Wengine wakasema ni majasusi, na hao angalau walikuwa na pa kushika: kutoka mlima ule unatazama chini kambi ya ndege za kivita ya Holloman na uwanja wa majaribio ya makombora wa White Sands.

Kituo kilifunguliwa tarehe 17. Siku chache baadaye nyaraka za mahakama zikaonyesha FBI walikuwa wanamchunguza mfagizi, akishukiwa kutumia intaneti ya kituo kupakua na kusambaza picha za watoto wanaodhulumiwa kingono. Hakuwa ameshtakiwa wakati huo.

Msimamo wangu: wananchi hawakukosea. Neno moja tu, “uchunguzi wa jinai”, lingetosha tangu siku ya kwanza.

*Jibu, Eastleigh:* Ndugu, wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Black Hawk kwa mfagizi? Mimi bado sijashawishika.

*Jibu, Buruburu:* Sasa mzee wangu, lililosemwa ni viumbe wa angani. Lipo wapi? Na hilo la jua kufichwa halisimami kabisa. Setilaiti ya SOHO imelikodolea jua macho tangu 1995, SDO tangu 2010, na picha zake mtu yeyote anazifungua kwa simu. Kuna pia mtandao wa GONG, vituo sita vilivyotawanywa duniani ili jua lisikose mtazamaji hata usiku ukiingia upande mmoja. Darubini kubwa ya Sunspot, ile ya Dunn, ni ya mwaka 1969. Mnara wake ni mita 41 juu ya ardhi na mita 67 zaidi ziko chini, ajabu ya uhandisi kweli, lakini ukiifunga jua halipotei kwa yeyote.

*Jibu, Lang'ata (mimi ni wakili):* Mtoa mada, neno lako moja lingemponza mtu. Kijiji chenye watu wachache vile, ukitaja jinai, kufika jioni jina limeshapatikana. Na kama hana hatia? Hata hapa kwetu, Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya kupata habari, lakini Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 ina mipaka yake, usalama wa watu ukiwemo.

*Mtoa mada:* Wakili, nakubali jina lisitajwe. Lakini FBI walikuwa wameshachukua kompyuta ya mshukiwa mwezi Agosti, naye alikuwa anaitafuta, huku akiwaambia wenzake eti kuna muuaji anazurura eneo lile na anaweza kuingia kituoni. Kwa hiyo mshukiwa alikuwa ameshashtuka. Aliyefichwa ni nani sasa? Ni mkazi aliyeambiwa afungashe bila kujua anakimbia nini.

Linganisha na Mukuku, Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi, uzito kama kilo 500, ilianguka kutoka angani. Shirika la Anga za Juu la Kenya halikungoja uchunguzi uishe. Baada ya siku mbili lilisema ni kama kipande cha roketi, na kwamba bado wanachunguza. Uvumi haukukosekana, sisi ni Wakenya, lakini watu walikuwa na kitu cha kuujibia.

*Jibu, Lang'ata:* Pete haina mawakili wala familia. Mfagizi anavyo.

*Jibu, Eastleigh:* Na Black Hawk je? Mbona mnairuka?

*Mtoa mada:* Hatuiruki, mzee. AURA walipotangaza, tarehe 16, kwamba wanafungua, walieleza kwamba kulikuwa na mshukiwa waliyehofia angewadhuru wafanyakazi na wakazi. Kama sentensi hiyo ilisemeka tarehe 16, wakili atuambie tarehe 7 ilizuiwa na nini.