Tupeane uzoefu: kozi ya masaji na mikono inayodumu

Mkandaji wa Kondele: Mnaosomea kukanda mwili Kisumu, Nakuru, Kakamega, leteni mambo ya vitendo. Naanza na kitanda, maana kisipowekwa sawa mkandaji ndiye huumia. Simama kando yake, mikono ining'inie, kunja ngumi: vifundo viguse godoro. Kikiwa juu zaidi mabega hupanda, nawe unasukuma kwa nguvu za mikono badala ya uzito wa mwili. Mteja akiwa mnene, shusha miguu ya kitanda tundu moja.

Nakuru Mjini: Lindeni gumba! Likipinda kwa nyuma huku unakandamiza, kiungo cha chini yake huanza kuuma. Linyooke sambamba na kigasha (sehemu ya mkono chini ya kiwiko), likisaidiwa na vidole vingine. Mgongo na paja vikandwe kwa kigasha. Kiwiko ni cha makalio, polepole, kamwe si juu ya uti wa mgongo.

Tena msiruke kupapasa kwa viganja vizima kuelekea moyo. Ukianza moja kwa moja kufinyanga, misuli hujikaza na mteja hubana pumzi.

Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo asubuhi za huku weka chupa kwenye bakuli la maji moto.

Dada wa Milimani: Kisumu shida ni jasho. Futa mgongo kwanza, mafuta yawe kidogo. Ya harufu, kama lavenda, matone 12 kwa mililita 30 za mafuta ya kawaida yanatosha. Yasipakwe bila kuchanganywa, huunguza ngozi.

Mwalimu wa vitendo, Kakamega: Maswali kabla ya kumgusa mtu ndiyo kazi yenyewe. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na moto na kuuma, hasa baada ya upasuaji, kujifungua au safari ndefu ya basi, usikande. Huenda damu imeganda mshipani. Donge likisogea hadi mapafuni linaua. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Anayesema "mwili wote unauma" mpime joto. Ukanda huu una malaria, na mwenye homa hakandwi, apimwe kwanza. Nyuma ya goti, kinena, kwapa na mbele ya shingo hapakandamizwi: mishipa iko karibu na ngozi.

Mkandaji wa Kondele: Asante, mwalimu. Kuhusu karo: kabla ya kulipa, ulizia TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, kama chuo kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa.

Dada wa Milimani: Na taulo zenye mafuta zifuliwe kwa maji moto na sabuni, zipoe kabla ya kurundikwa. Mafuta ya mimea yakibaki kwenye kitambaa hujipasha joto, rundo likaweza kuwaka lenyewe.