Amevunjika mguu kazini Namanve, Uganda, muda umepita: bado anaweza kudai fidia?

Kutoka: Dada wa Ntinda

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mdogo wangu, Mtanzania mwenzetu, aliangukiwa na nondo kwenye ujenzi huko Namanve wakati wa Ramadhani ya mwaka jana. Bosi alilipa hospitali, akaahidi "kumwangalia", sasa simu hapokei. Mguu haujanyooka. Je, tumechelewa?

Kutoka: Dereva, Busia–Kampala

Pole dada. Hapo mmechelewa, mwisho ni miezi 12. Labda aende NSSF.

Kutoka: Mzee wa Kansanga

Marahaba, mwanangu. Dereva, hiyo miezi 12 ni ya sheria ya Kenya ya 2007. Aliyeumia Namanve anafuata sheria ya Uganda. Na hata hiyo ya Kenya haimfungii mlango mtu ambaye mwajiri wake alijua ajali. NSSF nayo si mlipaji wa fidia ya ajali kazini. Hapa hulipa mwajiri, au bima aliyotakiwa kuikata.

Dada, mnazo saa mbili zinazokimbia, yaani vipindi viwili vya muda, msizichanganye. Ya kwanza ni taarifa kwa mwajiri: mwezi mmoja tangu ajali. Hapa msihangaike sana, maana bosi aliyelipa bili ya hospitali hawezi kusema hakuambiwa. Tafuteni risiti zenye jina la kampuni, ujumbe wa simu, na msimamizi aliyempakia kwenye gari. Nendeni kwa afisa wa leba (afisa wa kazi) wa wilaya. Namanve ni ya kuangalia vizuri, sehemu iko Mukono na sehemu Wakiso, kwa hiyo ulizeni kwanza eneo lenyewe ni la nani. Daktari aandike asilimia ya ulemavu, kwani ulemavu kamili wa kudumu hukadiriwa kwa mishahara ya miezi 60, na wa sehemu hulipwa asilimia hiyo ya kiasi hicho.

Saa ya pili ndiyo mbaya. Mkitaka kumshtaki kwa uzembe mahakamani, mna miaka 3 tangu kuumia. Ahadi za bosi hazisimamishi saa hiyo. Kulazwa Mulago hakuisimamishi. Watu hudhani hakimu ana huruma ya kuongeza siku. Kwa muda uliowekwa na sheria ya ukomo, hana. Sheria humtambua aliye mtoto au asiye na akili timamu, na aliyefichwa ukweli kwa udanganyifu. Maumivu ya mguu hayamo.

Kutoka: Mama wa Bweyogerere

Mzee, sisi kazi ilikuwa ya barabara ya wilaya. Ni hiyo hiyo miaka 3?

Kutoka: Mzee wa Kansanga

Hapana mama, ukidai uzembe dhidi ya serikali au wilaya ni miaka 2. Wengi hunaswa hapo, maana mkandarasi na wilaya hutupiana mpira mpaka muda unaisha. Ulizeni leo nani aliyewaajiri kwa maandishi.

Kama kuna sababu ya kisheria ya kuchelewa, wakili aiandike ndani ya hati ya madai yenyewe. Kanuni za mashauri ya madai, Amri ya 7, zinadai hivyo, na hati inayoonyesha imepitwa na muda hukataliwa. Kwenye kesi ya Iga na Chuo Kikuu cha Makerere, iliyoripotiwa 1972, dai lilianguka kwa ukomo. Kuja kueleza sababu siku ya kusikilizwa ni kuchelewa mara mbili.

Kutoka: Dada wa Ntinda

Asante sana mzee. Risiti tunazo, jina la kampuni liko juu. Lakini bosi anasema asaini kwanza karatasi ya "hakuna deni" ndipo ampe laki tano.

Kutoka: Mzee wa Kansanga

Asisaini. Akitaka kulipa, alipe mbele ya afisa wa leba.