Huyu wa kudaivati simu kanivunjia harusi: "Jina la marehemu tunaandika bure"!!!

Mama Mapambo
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Chai imepoa mezani, sijaigusa.

Mnamjua. Simtaji, uzi usije ukafungwa, ila mnamjua. Ni kampuni ya simu, yule anayekutumia meseji za ofa hata ukiwa umekaa kwenye mkeka wa msiba.

Mimi napamba harusi. Nimeachia fremu ya Sinza kwa ajili ya kodi, kazi nimeihamishia nyumbani Kinyerezi. Namba ya ofisi iko kwenye kadi, kwenye bango, kwenye fulana za vijana wangu wote, siwezi kuibadilisha. Nikatafuta wa kunidaivatia simu, yaani wakipiga namba ya ofisi simu ihamie namba nyingine. Wapo waliotaka Sh 15,000 kwa mwezi. Huyu akataka 30,000, akaniapia hii ni huduma ya kiofisi: sauti ya kumkaribisha mteja, orodha ya waliopiga, na nikiwa bize simu inarukia kwa msaidizi wangu. Nikamwamini. Nikalipa miezi 3 kwa mkupuo!

Leo asubuhi mama wa bibi harusi kapiga. Kazi ya Sh 2,400,000, ukumbi na sendofu. Huko kwao wamekosea tarakimu moja ya namba yangu, simu ikaenda kwa fundi majeneza.

FUNDI MAJENEZA.

Kapokea kwa heshima zote: "Karibu mama, poleni. Ana urefu gani?" Mama wa watu akajua anaulizwa habari ya lile tao la maua analopita bibi harusi. Akajibu futi 5 na nusu. "Mnataka mninga au mbao ya kawaida?" Mama akadhani ni viti vya maharusi, akasema mninga, mwanangu ndiye wa kwanza kuolewa. Ndipo akaambiwa: "Sawa mama. Msalaba mtalipia, ila jina la marehemu tunaandika bure."

Jina la marehemu tunaandika bure! Kwa mama ambaye mwanawe anaolewa Jumamosi!

Kaitafuta namba yangu binafsi kwa dada yake, kanipigia analia kwa kwikwi mpaka majirani zangu wamesikia. Kazi kaifuta. Nawapigia wenyewe huduma kwa wateja, nimesubiri muziki wao mpaka nusura nizeeke, halafu kijana ananiambia: "Dada, kwenye mfumo simu inaonekana imepokelewa vizuri, dakika 4." IMEPOKELEWA VIZURI! Na hizo dakika 4 wamezikata kwenye salio langu. Yaani nimemlipia mteja wangu kwenda kupimiwa jeneza la mwanawe.

Kijogoo wa Buza
Sasa mninga unakwendaje siku hizi? Weka namba ya huyo fundi, anapokea simu vizuri kuliko wewe.

Mzee wa Pugu
Binti yangu, pole. Ila usiende kwa huyo mama mikono mitupu. Nenda na mtu mzima wa kwenu, mkae chini, muombe dua pamoja. Mwana aliye hai kupimiwa sanduku si neno dogo.

Mama Mapambo
Asante baba. Nakwenda jioni na shangazi. Lakini naanzaje? Kila nikifumba macho nasikia "jina la marehemu tunaandika bure".

Fundi Laini
Mtoa mada, umelipa 30,000 kwa kitu ambacho laini yako inafanya yenyewe. Shika simu ya ofisi, bonyeza **21*, weka namba unayotaka zihamie, malizia na #. Simu zote zinahamia huko. Ukitaka zihame pale tu usipopokea, ni **61*. Ukiwa bize ni **67*. Ukiwa umezima au huna mtandao ni **62*. Kufuta zote ni ##002#. Gharama ya kipande cha pili, kutoka laini yako kwenda namba iliyohamishiwa, kwa kawaida unalipa wewe uliyehamisha, hapo usiwalaumu. Na bonyeza *#21# kila unapoweka, ikuonyeshe namba zinakokwenda. Ungeiona ile tarakimu kabla ya fundi majeneza.

Mama Mapambo
Hizo nyota nazijua! Nilizitumia wiki 2 za mwanzo. Tatizo nikiwa ukumbini nafunga vitambaa, simu inaita huku nyumbani sebuleni hakuna wa kupokea. Nilitaka iite kwangu, nisipopokea iende kwa msaidizi, asipopokea mteja aache ujumbe. Na hiyo *#21# naibonyezaje, namba wameiweka wao kwenye mitambo yao? Kazi ya kuhakiki ilikuwa yao. Ndiyo maana nililipa. Sikulipa ili mteja aulizwe mninga au mbao ya kawaida.

Dada wa Kimara
Afadhali wewe. Mimi nauza vitenge nyumbani, nikadaivati kwa mdogo wangu siku naumwa. Akawauzia wateja wangu vitenge vyake! Nilipopona nikakuta ana duka.

Kijogoo wa Buza
😂😂😂 Huyo mdogo wako apewe uwaziri.

Mlinzi wa Salio
Na mwingine asije akawapigia akawaambia "bonyeza nyota 21 tukurekebishie laini". Ni tapeli. Ukibonyeza tu simu zako zinahamia kwake, akifungua WhatsApp yako akaomba namba ya kuthibitisha kwa kupigiwa, namba inasomwa sikioni kwake. Shemeji yangu kaombewa hela kwa ukoo mzima hivyo hivyo.

Fundi Laini
Kweli kabisa. Na mkumbuke simu za WhatsApp zenyewe hazifuati daivati, hizo zinapita kwenye data. Meseji za kawaida nazo zinabaki kwenye laini ileile.

Mtoto wa Tandika
Tukishafika kwenye data, nani mwingine bando lake la wiki limekata siku ya tatu? Sijaangalia hata video moja.

Dada wa Kimara
Mimi! Nimelala nina GB 2, nimeamka na meseji ya "umetumia asilimia 100". Nani kalitumia, mbu?

Mama Mapambo
Jamani turudi kwenye mada. Nimewaandikia barua, nadai hela ya miezi 3 na samahani ya maandishi kwa yule mama. Wasiponijibu naipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na orodha ya simu nimeitunza, zile dakika 4 zipo pale.

Mzee wa Pugu
Vizuri. Huko watakuuliza kwanza kama ulimlalamikia mtoa huduma mwenyewe. Hifadhi nakala yenye tarehe.

Mtoto wa Tandika
Mzee, na mimi wa bando niende hukohuko?

Kijogoo wa Buza
Bando mnalilia? Mimi nimenunua LUKU ya 10,000 juzi, leo mita inapiga kelele. Nyumbani kuna taa 2 na redio.

Dada wa Kimara
Mna friji? Angalieni mpira wa mlango.

Kijogoo wa Buza
Sina friji mimi! Mpangaji wa uani ndiye ana friji, na tunachangia mita.

Mtoto wa Tandika
Hapo sasa. Anachangia shilingi ngapi?