Enda Kenny wa Ireland: kiti cha baba au jasho lake?

Kijiwe_Kaskazini: Wakuu habari za leo. Kuna huyu Enda Kenny, waziri mkuu wa Ireland 2011 mpaka 2017. Naona ubunge aliupata 1975 baba yake Henry alipofariki, yeye ana miaka 24 tu, tena mwalimu wa shule ya msingi. Sasa huyu si ndo wale wale watoto wa vigogo au kuna alichokifanya mwenyewe?

Mpiga_Soga: Alirithi mkuu, hilo halina ubishi. Ila ujue na mzee mwenyewe alikuwa nani huko kwao Mayo, kaunti ya magharibi mwa Ireland, kabla ya siasa alicheza mpira wao wa Kigaeli, ule wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu, na alikuwemo kwenye timu iliyobeba ubingwa wa Ireland 1936. Mtu wa hivyo kijijini hahitaji bango. Uchaguzi mdogo ulipoitishwa jina Kenny lilikuwa limeshajipigia kampeni lenyewe. Halafu cheki mkosi, Mayo walibeba tena 1950 na 1951, mwaka aliozaliwa Enda, na tangu hapo mpaka anastaafu ubunge 2020 ni hola 😂

BintiMakorora: Mimi nakataa kidogo. Jina lingetosha asingesota vile. Kaingia 1975, uwaziri kamili kaupata Desemba 1994, wa utalii na biashara, piga hesabu hapo. 2001 kagombea uongozi wa chama chao cha Fine Gael akapigwa chini na Michael Noonan, mwaka uliofuata chama kikaporomoka toka viti 54 hadi 31 ndo wakamwachia yeye, yaani kakabidhiwa funguo nyumba imeshaungua. 2010 tena wenzake wakataka kumng'oa, Richard Bruton akiwa mbele, jamaa akapona. Miezi michache baadaye anashinda viti 76, na wizara ya fedha anampa nani? Noonan huyo huyo!

Kijiwe_Kaskazini: Dah, huyo Noonan sikumjua. Ila dada si wapinzani wake walijiharibia wenyewe?

BintiMakorora: Kujiharibia walijiharibia, sikatai. Fianna Fáil, chama hasimu cha Fine Gael, ndo walikuwa madarakani mabenki yalipolemewa na nchi ikaingia kwenye mpango wa mkopo wa uokoaji wa euro bilioni 85 wa Ulaya na IMF, wakaishia viti 20. Kenny kaitoa nchi kwenye mpango ule Desemba 2013, lakini wananchi walikaza mikanda haswa, na ile bili ya maji ndo iliwatoa watu barabarani. 2016 kabaki na viti 50, serikali ikawa ya wachache, ya kubembeleza wengine, mwaka uliofuata kampisha mwenzake wa chama, Leo Varadkar.

Mpiga_Soga: Mnasahau mkewe, Fionnuala O'Kelly. Kabla hajaolewa alikuwa ofisa habari wa hao hao Fianna Fáil. Kamtoa mke kwa mahasimu, hicho hakurithi kwa mzee.